Tulipiga makofi ya mvua kwenye mkutano wa tabianchi, tukafungiwa lambo

Wakuu, kwema humu?

Vuteni viti mkae. Leo ni bure, maana kwa kawaida mimi viti nakodisha.

Nianze na hilo kabisa ili asije mtu akaniuliza "wewe ulikuwepo kama nani". Nina viti vya plastiki, maturubai na spika mbili. Nakodisha kwenye harusi, misiba, mikutano ya injili na mikutano ya serikali. Mji wetu mdogo siutaji jina. Ukitoka Mugumu kuelekea Tarime unaupita, na kama umesinzia kwenye basi hutajua kuwa umeupita. Mtu wa huku atajua tu ni wapi, naomba anistahi.

Ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, nikiwa nimeshika waya wa spika mkononi. Sijaongeza chumvi. Chumvi niliikuta imo tayari.

Sasa tuendelee.

Kitongoji chetu kiko bondeni, na chini kabisa ya bonde kuna lambo. Kwa asiyejua, lambo ni bwawa dogo la kuchimba. Maji ya mvua yanakusanyika humo, ndiyo tunayovukia kiangazi. La kwetu lilichimbwa na wazee wetu kwa majembe, kabla hata neno "wadau" halijafika wilayani.

Ng'ombe wanakunywa humo. Akina mama wanamwagilia mboga. Vijana wanafyatua tofali. Na mimi nafulia vitambaa vyeupe vya viti vya harusi.

Ndiyo, yale maji yenye rangi ya chai ya maziwa ndiyo yanatoa ule weupe mnaoupigia picha. Msiniulize inawezekanaje, ni siri ya kazi.

Miaka hii kiangazi kimekuwa kirefu mno. Zamani mkulima wa huku alijua mvua inakuja lini, anaandaa shamba, anakaa anaisubiri. Siku hizi mvua inafanya kama ndugu wa mjini, anapiga simu yuko njiani halafu haonekani. Ikija, inakuja yote kwa pamoja na kuondoka na choo cha mtu. Kwa hiyo lile lambo kwetu siyo mandhari. Bila lambo hakuna kitongoji.

Karibu kabisa na lambo anakaa jirani yangu, Mama Bhoke. Ni mjane, ana ng'ombe wawili na bustani ya mchicha na sukuma wiki. Watoto wake wote wamesoma kwa mboga zile. Mshikeni huyo mama akilini, uzi huu ni wake kuliko wangu.

Siku moja likapita gari la matangazo. "Wananchi wote mnatangaziwa mkutano wa ushirikishwaji kuhusu mpango wa mji wetu na mabadiliko ya tabianchi! Maoni yako ni muhimu! Usikose!"

Mimi nilifurahi sana. Siyo kwa sababu ya maoni yangu, hapana. Mkutano wa serikali maana yake viti vyote vinatoka stoo.

Siku ikafika. Akaja Afisa. Nitamwita hivyo hivyo, Afisa, kijana msafi kutoka mkoa wa mbali, hana hata mwaka huku. Kompyuta yake ilikuwa na stika za majani ya kijani. Kusema kweli hakuwa mtu mbaya, na alitusalimia vizuri, wazee wote aliwapa shikamoo yao. Ila alikuja na mzigo wa maneno. Ustahimilivu. Jumuishi. Endelevu. Shirikishi. Kila neno lilipotoka tuliitikia kwa kichwa, kama watu wanaoombewa kwa lugha wasiyoijua.

Halafu akawasha projekta.

Wakuu, ilikuwa saa nane mchana. Jua la huku mnalijua. Alitundika shuka jeupe chini ya turubai langu, akasema, "Hapa mnaona ramani ya mji wetu wa kijani." Tulichoona ni shuka. Akabonyeza, akasema, "Na hapa mnaona eneo la bonde litakavyokuwa." Shuka. Mzee mmoja mbele yangu alivaa miwani, akaona shuka kwa ukaribu zaidi.

Tukaliangalia lile shuka kwa heshima zote mpaka slaidi zikaisha.

Sasa hapo ndipo alipoingia MC. Walimleta kutoka Musoma, jamaa ana suti ya kung'aa na sauti kama redio. Nadhani alipewa kazi ya kuhakikisha hatulali. Akasema, "Wananchi, mmeupenda mpango?" Kabla hatujajibu akasema, "Kama mmeupenda, tuupigie makofi ya mvua!"

Kwa mlioko mbali na mikutano, makofi ya mvua ni hivi. Unaanza kugonga kiganja kwa kidole kimoja, tip tip tip, hayo manyunyu. MC anasema viwili, mnagonga viwili. Vitatu. Vinne. Kiganja chote, mvua kubwa! Mwisho mnapiga miguu chini, radi. Ni kitu kitamu, lazima niseme ukweli. Mkurya na ukali wake wote akipigishwa makofi ya mvua anakuwa mtoto wa shule ya awali.

Tulinyesha pale, wakuu. Tulinyesha mpaka radi. Kwa msimu ule ndiyo mvua pekee iliyonyesha kitongojini.

Baadaye wakasema kuna nafasi ya maswali machache kwa sababu ya muda. Wa kwanza aliuliza nguzo ya umeme ya kwake itakuja lini. Wa pili hakuuliza, alishukuru serikali mpaka akakatwa kauli.

Mama Bhoke akanyoosha mkono.

Mimi nilikuwa nyuma yake, nilimwona vizuri. Alinyoosha mkono wa mtu mwenye swali, kimya, kiganja wazi. MC akamwona. Akapaza sauti: "Ooooh! Mama anataka tena! Mama hajashiba mvua! Haya, kidole kimoja!"

Tukarudia. Mama Bhoke alibaki na mkono juu, anaangalia kushoto na kulia. Kila mtu ananyesha. Afanyeje? Akacheka, akaushusha, akapiga makofi na wenzake. Mpiga picha wa wageni akachuchumaa mbele yake, pa, pa, pa.

Mkutano ukafungwa kwa sala. Soda zikagawiwa kwa walioketi mbele.

Baada ya wiki chache nikasikia vishindo bondeni. Mafundi. Wanachimba mashimo, wanasimika nguzo, wanavuta seng'enge kuzunguka lambo lote. Likawekwa geti. Kwenye geti likawekwa kufuli, ufunguo mmoja akakaa nao Afisa. Ndani wakapanda nyasi nzuri na miti ya mapambo, ile inayofanana na minazi iliyokataa kuzaa. Wakaweka na mabenchi ya kukalia, yakiangalia maji.

Nje ya geti wakasimamisha bango kubwa. BUSTANI YA KIJANI YA USTAHIMILIVU. Chini yake: MIFUGO HAIRUHUSIWI. KUFUA HAKURUHUSIWI. KUCHOTA MAJI HAKURUHUSIWI.

Na katikati ya bango, picha kubwa kuliko mlango wa nyumba: Mama Bhoke, meno yote nje, anapiga makofi.

Naomba mrudie hiyo sentensi taratibu. Mama wa watu ndiye aliyewekwa getini kujizuia mwenyewe asichote maji.

Tulikwenda kwa Afisa, mimi, Mama Bhoke na mwenyekiti wetu wa kitongoji, Marwa. Marwa ni mtu mzuri, kasoro yake moja, anamwogopa kila mwenye gari. Afisa akatupokea vizuri. Akatueleza kuwa ng'ombe wanakanyaga kingo, udongo unaingia, lambo linajaa tope na siku moja litakufa. Na kwenye hili, niseme tu, hakudanganya. Sote tunajua lambo siyo la kina kama zamani.

Mama Bhoke akamwuliza, "Sasa sisi tutachota wapi?"

Afisa akasema, "Mama, hayo yote yalikuwa kwenye presentation. Mlishirikishwa. Na mliupitisha kwa makofi mazito, mimi mwenyewe nilisisimka."

"Tuliona shuka," nikasema.

"Basi mngesema hamwoni," akajibu.

Mnajua kilichoniuma? Hapo pia hakukosea sana.

Kiangazi kikaendelea. Maji ya karibu yakawa mtoni, kule ng'ambo ya kilima, na mtoni kwenyewe unachimba mchangani kwanza. Bustani ya Mama Bhoke ilikauka ikawa rangi ya gunia. Ng'ombe wake walikonda hadi mbavu zikawa zinahesabika kutoka barabarani. Wale wanyama walikuwa wamezoea njia yao. Kila jioni walikwenda hadi kwenye seng'enge, wanasimama pale wananusa maji, wanalia.

Na ndani? Ndani kijana wa bustani anawasha pampu, anamwagilia nyasi.

Ng'ombe wamesimama nje wanaangalia nyasi zinanyweshwa. Mama Bhoke akaniambia, "Mura, kijana wangu, ina maana zile nyasi zilishirikishwa kuliko mimi?"

Nilicheka, halafu nikaacha. Maana aliendelea kusema kuwa mnada ukija atauza mmoja, yule mwenye mimba, kwa sababu ndiye anayechoka njiani. Mkurya akikwambia anauza ng'ombe mwenye mimba, wakuu, huyo hakwambii habari za biashara. Anakwambia amefika ukutani. Siku ile niliumia kweli.

Kisha ikatangazwa siku ya uzinduzi. Mgeni rasmi anakuja kukata utepe. Wakanipigia: viti vyote, maturubai yote, na vitambaa vyeupe kwenye viti vya wakubwa.

Nikauliza, "Vitambaa nitafulia wapi?"

Wakasema hilo ni suala la mzabuni. Mzabuni ni mimi.

Usiku wa kuamkia... hapana, wacha niende kwenye shughuli yenyewe. Wananchi tulikuwa tumekubaliana jambo moja, limetembea nyumba kwa nyumba bila gari la matangazo: safari hii hakuna kupiga makofi. Makofi ndiyo yaliyotuponza. Tukae kimya, tuwaonyeshe kuwa tumekasirika.

Wakubwa wakakaa kwenye vitambaa vyangu vilivyojaa vumbi jekundu. MC yule yule akapanda. "Wananchi mpooo?" Kimya. "Makofi ya mvua! Kidole kimoja!" Kimya. Akagonga peke yake, tip tip tip, akafika vidole vitatu akaacha. Nilimhurumia, jasho lilimtoka kwenye suti. Mama Bhoke mikono yake alikuwa ameikalia kabisa, ili isimponyoke.

Mgeni rasmi akahutubia. Kila mahali pa makofi alinyamaza akasubiri. Upepo tu. Afisa alianza kujifuta uso. Nikajisemea, leo ujumbe umefika.

Mgeni rasmi akakunja karatasi yake. Akatuangalia, akatabasamu.

"Ndugu zangu," akasema, "nimezunguka sana, lakini sijaona wananchi wasikivu kama ninyi. Utulivu huu! Hakuna anayepiga kelele, hakuna anayenung'unika. Huu utulivu ni ishara kwamba mradi mmeupokea kwa moyo mmoja."

Wakubwa wakapiga makofi. Utepe ukakatwa.

Alipogeuka kwenda kwenye gari, suruali yake nyeupe nyuma ilikuwa na duara la vumbi la kitongoji chetu. Ndiyo maoni pekee ya wananchi yaliyoondoka naye siku ile.

Wakuu, mnaona tulipofika? Ukipiga makofi, umekubali. Ukinyamaza, umekubali zaidi. Nilikunja maturubai yangu huku nikiwaza labda tungelia machozi wangesema ni ya furaha.

Mama Bhoke hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwa Marwa, na mimi nikamfuata kwa sababu nilitaka kuona.

"Marwa, ita iritongo," akasema.

Iritongo, kwa wasio wa huku, ni mkutano wetu wa kimila. Jambo la jamii likiwa gumu linapelekwa hapo. Hakuna MC. Hakuna makofi. Mtu akisema la maana watu wanaguna, akisema upuuzi wanaguna pia, ila mguno wa pili hata mgeni anauelewa. Na hakuna anayeondoka eti muda umeisha. Muda unaisha jambo likiisha.

Marwa akababaika. "Sasa mama, hiyo si ya kimila? Hili la lambo ni la serikali."

"Lambo lilichimbwa na iritongo," Mama Bhoke akasema. "Serikali imelikuta. Lete na yule kijana wako wa kompyuta."

"Atakuja kweli?" Marwa akauliza.

Hapa nampa Marwa heshima yake, alifikiri kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe. Alimpigia Afisa simu akasema, "Mkuu, wananchi wanaomba elimu zaidi kuhusu mradi." Hakuna ofisa duniani anayeweza kukataa sentensi hiyo. Akasema atakuja na projekta.

Nikauliza nilete viti vingapi. Mama Bhoke akaniambia, "Viti vyako viache stoo. Mtu akikaa kwenye kiti chenye kitambaa anadhani yuko harusini."

Basi tukakaa chini, kwenye majani makavu, nje ya seng'enge, bango likituangalia. Ng'ombe nao walikuwepo, maana hakuna aliyewazuia. Afisa akashuka kwenye gari na projekta yake, akatafuta pa kuichomeka, hapakuwepo. Akatafuta kiti, hakipo. Akakaa chini na suruali yake ya kunyoosha. Alijitahidi siku ile, sikatai.

Akataka kuanza mada. Marwa, kwa sauti ndogo, akamwambia, "Leo wanaanza wao."

Mama Bhoke akasimama. Alikuwa na swali moja tu. "Ng'ombe wangu watakunywa wapi kesho?"

Afisa akasema mchakato wa kutafuta chanzo mbadala unaendelea.

Mguno. Ule wa pili.

"Sijauliza mchakato," Mama Bhoke akasema. "Nimeuliza kesho."

Akakaa. Akasimama mfyatua tofali. "Na mimi, nitachanganya udongo na nini kesho?" Akasimama mama mwingine, watoto wake wanaoga nini kesho. Kila mtu swali lake dogo, na kila swali linaishia na kesho. Afisa alijibu bajeti, akajibu awamu ya pili, akajibu wadau wa maendeleo. Kesho hakuijibu. Mimi nilisimama na la vitambaa, nikagunwa kidogo, nikakaa.

Jua likawa limepanda kichwani. Chupa ya maji ya Afisa ikaisha. Alijaribu kutuambia tufunge kwa sala, mzee mmoja akamwambia, kwa upole kabisa, "Mungu atasubiri, hatujamaliza."

Mwishowe koo likamshinda. Akamgeukia Mama Bhoke, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ya jirani, akauliza kama anaweza kupata hata chai.

Wakuu, huku kwetu unaweza kugombana na mgeni, unaweza hata kumtukania ukoo. Ila mgeni akiomba kitu cha kunywa kwako akaondoka na koo kavu, ile aibu ni ya kwako, na itasimuliwa hadi kwa wajukuu. Nilimwona Mama Bhoke anabadilika uso. Aliingia ndani. Akatoka na sufuria, majani ya chai na sukari. Akatembea hadi getini, akasimama mbele ya kufuli.

"Mwanangu," akasema, "chai nakupikia sasa hivi. Majani ninayo, sukari ninayo, kuni zimejaa. Maji yako humo ndani, na ufunguo uko mfukoni mwako."

Yule Mama Bhoke wa kwenye bango yuko juu anacheka na kupiga makofi. Yule wa chini yake amekonda, kashika sufuria tupu. Afisa aliwaangalia wote wawili. Nadhani ndiyo siku aliyojua kuwa ni mtu mmoja.

Alisimama akajipangusa vumbi. Akatoa ufunguo, akafungua.

Mama Bhoke akaingia akachota. Alipotoka hakurudishia geti, na Afisa naye hakulirudishia. Ng'ombe hawakuhitaji tangazo. Yule mwenye mimba alitangulia, akaingiza mdomo majini, na sauti ya kunywa kwake tuliisikia wote tukiwa tumekaa.

Chai ikachemka. Afisa akanywa, akaongezewa. Kisha akasema sentensi ambayo kwenye zile slaidi zote haikuwemo: "Hebu nionyesheni, ng'ombe huwa wanapita wapi?"

Mama Bhoke akaokota kijiti. Akachora ardhini: hili lambo, hii njia ya ng'ombe, huku maji yanakotoka, hapa bustani. Mtu akamnyang'anya kijiti akarekebisha. Afisa naye akapiga magoti, akaonyesha zile kingo zinavyobomoka na kwa nini anaogopa tope. Safari hii watu waliguna ule mguno wa kwanza. Ramani ilikuwa juani, na kila mtu aliiona.

Tulikubaliana hivi. Uzio upande wa juu ubaki, miti ipandwe, ila ya huku, yenye mizizi ya kushika udongo. Upande wa chini seng'enge itoke, njia ya ng'ombe irudi, na lijengwe birika la kunyweshea nje, ili wasikanyage kingo. Kuchota ni ruksa. Kufulia ndani ya lambo ni marufuku kwa kila mtu.

Hapo nilisimama kupinga, kama mfanyabiashara. Mguno nilioupata sijausahau. Sasa nafulia kwenye beseni, mbali, kama adui wa mazingira niliyesamehewa.

Birika lilijengwa. Tofali zetu, saruji yao. Mama Bhoke hakuuza ng'ombe, na ndama amezaliwa, jike. Afisa nasikia aliitwa Musoma kuelezea wenzake mfano bora wa ushirikishwaji, na picha ya yeye ameshika kijiti ilionyeshwa. Nasikia pia walipiga makofi. Tumemwachia, ametoka mbali yule kijana.

Limebaki bango. Mama Bhoke alimwomba Afisa picha yake itolewe. Kwanza akaambiwa hakuna fungu la kutoa bango, lipo la kuweka tu. Baadaye Afisa alikuja mwenyewe jioni moja, akapanda, akalibandua, akamkunjia na kumpa mkononi. Alitoa shikamoo akaondoka.

Sasa nawaambia kama mtaalamu wa maturubai: lile ndilo turubai bora lililowahi kuletwa kitongojini kwetu. Nene, halipitishi tone. Nilimwomba aniuzie, akakataa. Kaliezeka juu ya banda la ndama.

Juzi mvua ikaja, ile ya kweli. Tulikuwa tumekaa barazani kwake. Tone likaanguka kwenye lile turubai, tip. Likafuata lingine. Halafu yakawa mawili mawili, halafu mengi, halafu radi. Mama Bhoke akasikiliza, akaniangalia, akasema, "Unaona? Yenyewe hainyeshi kwa kuambiwa na MC."

Nilichojifunza, wakuu, ni kidogo tu. Mkiitwa kwenye mkutano wa mpango wa mji, wa tabianchi, wa chochote, msipige makofi kabla hamjaona ramani, na msinyamaze mkidhani kimya chenu kitasomeka chenyewe. Ulizeni kesho. Mkijibiwa mchakato, ulizeni tena kesho. Na kama ofisa ana kiu, ulizeni ufunguo uko mfuko gani.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu mlishirikishwa vipi? Waliokutana na shuka jeupe waje tufarijiane.

Ila tafadhali, mtu asiniwekee vile vikatuni vya makofi hapo chini. Andikeni maneno.